Rhino Charge: gari lisishuke kabla mtu hajasimama ng'ambo

Mkuu, usinunue hiyo injini. Subiri kwanza.

Nimesoma uzi wako na majibu yote ya wadau, na sijaona hata mmoja aliyejaribu kukuzuia. Unasema mna Land Cruiser ya 70, mpo wanne wa ofisi moja hapo Arusha, mnataka kuingia Rhino Charge, mashindano ya magari ya porini kule Kenya. Unauliza kama muweke injini kubwa ya V8 au mbaki na dizeli yenu ya zamani, matairi ya ukubwa gani, winchi (mashine ya kuvuta gari kwa waya) ya umeme au ya haidroliki, bajeti iweje, na wafadhili wanapatikana wapi. Sawa. Lakini mwishoni ukaandika hivi: "Kutembea kwa miguu hatutegemei sana, tutafuata GPS, gari litakuwa na nguvu ya kutosha."

Hayo maneno nimewahi kuambiwa, karibu neno kwa neno, na mtu aliyekuwa akitabasamu huku anahesabu pesa zetu. Ndiyo maana nimekaa usiku huu kukuandikia.

Kwanza achana na Dakar uliyoitolea mfano. Dakar, ambayo tangu 2020 inafanyika Saudi Arabia, ni mbio za muda: siku nyingi mfululizo, kila mtu na njia aliyopewa, mwenye saa chache ndiye bingwa. Rhino Charge haimtafuti mwenye kasi. Unapewa vituo 13 vilivyotawanywa porini na saa 10 za kuvifikia vyote, kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi 11:30 jioni, na kituo ulichoanzia ndicho unachorudi kufungia. Atakayevimaliza kwa umbali mfupi kuliko wengine ndiye mshindi. Hakuna barabara. Eneo lenyewe hufichwa hadi karibu na mashindano, na vituo viko wapi unajua usiku wa kuamkia siku yenyewe, ukiwa na ramani ya 1:50,000 mezani na tochi kichwani. Gawanya saa hizo kwa vipande 13: kila kipande kina kama dakika 46, na humo ndimo kuna kuvuta winchi, kubadilisha tairi, kunywa maji na kubishana.

Sasa sikiliza jambo ambalo wageni wengi hawalielewi. Mwenye vituo 13 kwa kilomita 60 yuko juu ya mwenye vituo 12 kwa kilomita 25. Kituo kimoja ukikikosa, ufupi wa njia yako yote haukusaidii mbele ya waliomaliza. Kwa hiyo kuzunguka ni hasara ndogo, kunasa ni hasara kubwa. Ningeelezwa hesabu hii mapema na mtu mwenye nia njema, nisingekuwa na hadithi ya kukusimulia.

Timu yetu ilikuwa ya mchanganyiko, Wakenya na sisi wa Arusha, na ramani nilishika mimi. Mwenye gari alikuwa amempata fundi wa Nairobi, mwenye gereji safi yenye picha za magari ya mashindano ukutani. Huyo ndiye alikuwa mshauri wetu mkuu. Akatuuzia injini kubwa. Akatuuzia matairi makubwa zaidi. Tulipomtajia wakimbiaji, yaani wale watu wanaotangulia mbele ya gari kwa miguu kutafuta njia, akasema wakimbiaji ni wa timu zenye magari dhaifu. Akasema gari lenye nguvu hii likishuka popote, litapanda popote.

Tulikuwa na vijana wawili kutoka Longido tuliofanya nao mazoezi. Wamekulia kwenye makorongo wakichunga, mmoja alikuwa akiuangalia mteremko kwa mbali anakuambia jiwe lipi litabingirika. Tukawaacha nyumbani. Viti vyao wakapewa marafiki wa mwenye gari, watu wazuri tu, lakini wa kupiga picha. Mpaka leo nikiwaona wale vijana mnadani nainamisha macho.

Mashindano yalikuwa kaskazini, nchi ya Wasamburu. Asubuhi ilikwenda vizuri mno, na hilo ndilo lililotuponza. Vituo vya mwanzo tulivipata upesi, ardhi ilikuwa wazi, injini inanguruma, kila mtu anamsifu fundi. Kisha ikaja safari ya kutoka kituo cha tano kwenda cha sita. Kwenye GPS mstari ulionyooka ulikuwa chini ya kilomita mbili, unavuka bega la kilima na kushukia kwenye laga, korongo lenye mchanga chini. Kuzunguka kwa juu ilikuwa kama kilomita nne. Nikaangalia ramani, mistari ya mwinuko haikuonyesha kitu cha kutisha. Lakini mkuu, kama mistari hiyo imeachana mita 20, ukuta wa mawe wa mita 12 unaweza kujificha katikati yake na ramani isikuambie chochote. Na mshale wa GPS unakuonyesha kituo kiko upande gani, basi. Haujui shimo ni nini.

Tukashuka. Mteremko wa mawe malegevu, kikwata kinakwangua milango, gari linateleza zaidi ya linavyoendeshwa. Tulipofika chini tukashangilia, nakumbuka hata makofi yalipigwa. Mita mia tatu mbele, laga likaisha. Si kwamba lilipinda, liliisha kabisa: maporomoko makavu, mwamba umekatika wima, urefu wa watu watatu kusimamiana mabegani. Kushoto ukuta, kulia ukuta. Nyuma ule mteremko wa mawe malegevu tuliotoka kuuteleza.

Hapo ndipo nguvu tuliyoinunua ilipoanza kutumaliza. Dereva akakanyaga mafuta kuupanda mteremko, matairi yakazunguka, yakachimba, gari likakaa kwa tumbo. Akakanyaga tena. Tukasikia mlio mmoja mkavu chini: saidi shafti ya nyuma, chuma kinachozungusha gurudumu, imekatika. Fikiria mwenyewe, injini mpya kubwa, matairi makubwa na mazito, halafu ekseli ni ileile iliyotoka kiwandani. Nguvu lazima itokee mahali, na ikikosa pa kutokea inavunja palipo dhaifu. Yule fundi alilijua hilo. Fundi wa magari ya porini hawezi kutolijua. Alinyamaza kwa sababu ekseli imara haipigi kelele barabarani na haimfurahishi mteja siku ya kukabidhiwa gari.

Tukatoa winchi. Winchi inataka pa kushika, na pale juu palikuwa na mgunga mmoja mwembamba. Ukang'oka na mizizi yake, nikahuzunika kama vile nimeua mnyama wa mtu. Tukafukia tairi la akiba kwenye mchanga tupate nanga, mbinu nzuri ukiwa na majembe mawili na watu wenye mikono migumu. Sisi tulikuwa na jembe moja. Nanga ikashika kidogo, ikateleza, tukafukia upya. Injini nayo ikachemsha, maana rejeta haikuwa imebadilishwa ilingane na joto la injini mpya. Ukiizima injini betri inakufa na winchi inalala, ukiiwasha rejeta inatoa mvuke.

Tukiwa katikati ya hayo, kijana wa timu nyingine alitokea ukingoni juu yetu. Mwembamba, viatu vya kawaida, chupa ya maji kiunoni. Akaangalia laga, akaangalia maporomoko, akatutazama sisi. Kisha akageukia upande wa gari lao, akainua mikono akaikutanisha msalaba juu ya kichwa. Gari lao, Land Rover ya zamani ambayo injini yake ni ndogo kuliko yetu ya kwanza tuliyoitoa, likageuza na kuzunguka kwa juu. Lilipoteza dakika chache na kilomita mbili hivi. Sisi tulitoka mle jua linaelekea kuzama, tunavutwa na magurudumu ya mbele tu, tukiwa na vituo vitano mkononi na wafadhili wetu wanasubiri habari kambini.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na ningekuwa na uwezo ningeibandika kwenye kioo cha kila gari linaloingia pale: gari lisishuke kabla mtu hajasimama ng'ambo. Ng'ambo, pale gari litakapotokea. Kusimama ukingoni na kusema "naona kama panapitika" hakutoshi. Mtu ashuke kwa miguu yake, avuke, apande, asimame juu upande wa pili, aseme kwenye redio: nimefika, pa kupandia nimepaona, mti wa winchi upo au haupo. Akikosa kusema hivyo, dereva hata breki ya mkono asiiachie.

Na hapa pana jambo linalonishangaza watu hawalioni. Umbali unaopimwa ni wa gari. Kifaa cha kupima kiko kwenye gari. Mkimbiaji akienda na kurudi mara tatu kwenye kilima hicho hicho, hakuna mita hata moja inayoongezwa kwenye hesabu yenu. Miguu ndicho kitu pekee katika mashindano haya mnachoweza kutumia bila kulipa kwa alama, ninyi mnataka kukiacha nyumbani!

Wawe wawili wanaokimbia kwa wakati mmoja, na mwingine anapumzika ndani ya gari wabadilishane. Wa mbele anatafuta pa kutokea, wa pili anakaa mahali anapoonwa na dereva. Redio za mkononi zinakufa nyuma ya kilima, hivyo kubalianeni ishara za mikono mapema na mzifanyie mazoezi mpaka zikae kichwani. Mpe wa mbele fimbo iliyokatwa sawasawa na upana wa gari, maana macho yaliyochoka huona pengo la mawe ni pana kuliko lilivyo. Afundishwe pia kuangalia pa kugeuzia, si pa kupita tu. Mkipata mchungaji au yeyote aliyezoea nchi kavu, mwekeni kwenye timu kabla ya rafiki yenu wa kamera. Tena mlipeni vizuri. Maji kila mmoja abebe yake, mengi, kwa sababu mkimbiaji aliyeishiwa maji anaanza kuona njia pasipo na njia.

Injini: bakini na dizeli yenu. Kule mtakuwa gia ya kwanza, kwenye loo (gia nzito za four-wheel), mkitambaa. Kinachotakiwa ni nguvu ya chini isiyokurupuka, rejeta safi, difu loku (za kufunga magurudumu yazunguke pamoja) zinazofanya kazi na saidi shafti za akiba ambazo mmeshajifunza kuzibadilisha mkiwa mmelala kwenye vumbi. Pesa ya V8 ipelekeni huko, na mazoezini.

Winchi: namba iliyoandikwa kwenye winchi ni nguvu yake waya ukiwa umebaki safu ya kwanza tu kwenye ngoma. Safu zikiwa nyingi, nguvu inapungua. Kwa hiyo vuteni waya mrefu, na mbebe kapi, linaongeza nguvu karibu mara mbili ingawa mwendo unapungua nusu. Mkanda mpana wa kuzungushia mti ni lazima, tusiende kwa Wasamburu kuwachunia miti gome.

Kuhusu pesa, kuna mdau hapo juu amesema ada ya kushiriki ni "kubwa bila sababu". Ndugu yangu, pesa hiyo ndiyo sababu ya mashindano kuwepo. Rhino Ark, shirika la uhifadhi, ilianzishwa 1988 kwa ajili ya vifaru weusi wa msitu wa milima ya Aberdare, Kenya, waliokuwa wakimalizwa na majangili, Rhino Charge ikaanza 1989 ili kuchangisha fedha za kuuzungushia msitu uzio, na uzio huo wa karibu kilomita 400 ukakamilika 2009. Msitu ule unawapa maji mamilioni ya watu hadi Nairobi. Mkienda kwa mfadhili mwambieni hivyo, waziwazi, kwamba fedha yake inakwenda kwenye msitu. Anayechangisha zaidi hupewa kombe lenye jina la Ken Kuhle, mwanzilishi wa Rhino Ark, na mimi binafsi nalithamini kuliko lile la mwenye njia fupi.

Matairi sina nguvu ya kuyaandikia leo, wadau wengine watakusaidia.

Ninachotaka ufanye wikendi hii, kabla hujatuma hata shilingi kwa muuza injini: wachukue wenzako watatu mwende upande wa Engaruka, muombe ruhusa kwa wenyeji, mtafute korongo. Gari liacheni juu, limezimwa. Mmoja wenu ashuke, avuke, asimame ng'ambo, arudi aeleze alichoona bila kuonyesha kwa kidole. Halafu mwingine ashuke ahakiki kama maelezo yalikuwa ya kweli. Fanyeni hivyo toka asubuhi mpaka jua la saa nane. Kisha urudi hapa uniambie nani kati yenu wanne bado alikuwa anaona sawasawa, na nani alikuwa ameketi kivulini. Ukishanijibu hilo, ndipo tuongee habari ya injini.