Maswali ya Wasomaji: Muuguzi Anapotibu Pasipo Daktari

SWALI: Ndugu Mhariri, zahanati ya umma tunayoitegemea haina daktari. Muuguzi ndiye anayempima mwanangu, ndiye anayemwandikia dawa, na ndiye anayeamua kama tupewe rufaa. Tunaambiwa kuwa kwa njia hii huduma zimesogezwa karibu na wananchi. Je, sisi wa kipato cha chini hatujapewa huduma ya daraja la pili?

JIBU: Ndugu msomaji, una haki ya kuuliza, kwa sababu muuguzi akiachiwa chumba cha matibabu bila mafunzo, bila dawa na bila mtu wa kumwuliza anapokwama, huduma hiyo kweli ni ya daraja la pili. Akipewa hayo yote, anaweza kuyatibu kwa usalama maradhi mengi yanayowapeleka watu zahanati.

Chukua mfano wa mtoto mwenye kikohozi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF kuhusu magonjwa ya watoto unamtaka mhudumu ahesabu pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika nzima: zikifika 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa aliyetimiza mwaka lakini hajafikisha miaka 5, hiyo ni dalili ya nimonia. Pia aangalie dalili za hatari, yaani mtoto kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, kupata degedege, kulegea sana au kupoteza fahamu. Mwenye hata moja kati ya hizo hupewa rufaa haraka. Kazi hii mzazi anaweza kuishuhudia kwa macho yake. Muuguzi akiandika dawa bila hata kumfunua mtoto kifua, lalamika, kama ambavyo ungelalamika angekuwa daktari.

Matibabu ya VVU nayo yamepita njia hiyo. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wauguzi na wakunga waliofundishwa waruhusiwe kuwaanzishia wagonjwa dawa za mwanzo za kupunguza makali ya virusi, jambo linalomwezesha mgonjwa kupata dawa jirani na kwake badala ya kuifuata hospitali ya mbali kila mara.

Linalonisumbua zaidi ni uchache wao. Taarifa ya shirika hilo ya mwaka 2020 ilikadiria upungufu wa wauguzi milioni 5.9 duniani, na asilimia 89 ya upungufu huo ilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini. Kwa hiyo, mnapodai daktari, dai lenu la kwanza liwe muuguzi wa pili, maana huyo mmoja akienda likizo au akiugua, mlango unafungwa.

SWALI: Mimi ni muuguzi. Natibu peke yangu, ilhali sijui kama sheria inaniruhusu kuandika dawa. Nifanye nini?

JIBU: Uliza baraza linalosajili wauguzi nchini mwako, kisha umwombe mkuu wako akupe kwa maandishi orodha ya dawa unazoruhusiwa kutoa na jina la daktari wa kumpigia simu. Andika kila ulichopima na kila ulichotoa. Akikataa kukupa maandishi hayo, peleka ombi lako kwa barua kwa uongozi wa juu yake, nawe ubaki na nakala.