Selfu inazungusha, gari haiwaki

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE. Juzi jioni niliiwasha, nikaisogeza getini na kuizima hapo hapo. Asubuhi yake, na baridi hii ya Julai, selfu inazungusha vizuri lakini haiwaki, na ekzosi inanuka petroli. Nimeambiwa ninunue pampu mpya ya mafuta. Ninunue?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Usinunue bado, ndugu. Harufu hiyo inaonyesha petroli inafika kwenye injini. Injini ya baridi hupewa petroli nyingi kuliko kawaida. Ikizimwa kabla haijapata moto, ziada inabaki kwenye silinda na kulowesha plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli. Plagi iliyolowa haichomi, na kila ukipiga selfu unaongeza petroli juu ya petroli.

Kanyaga mafuta mpaka mwisho, usiachie, kisha piga selfu sekunde zisizozidi 10. Pedali ikiwa chini kabisa, kompyuta ya gari hukata petroli, hewa ikakausha silinda. Pumzisha selfu dakika moja, urudie. Ikiwaka, achia mafuta taratibu na uiache mpaka ipate moto.

Ikigoma, fungua koili (zinazozipa plagi umeme) kwa spana namba 10, kisha toa plagi kwa soketi ya milimita 16. Zikiwa zimelowa, zikaushe na upime mwanya wa kuruka cheche: karibu milimita 1.1. Kabla ya kupima cheche, chomoa soketi za umeme za nozeli zote nne (zinazopulizia petroli), zungusha injini kidogo itoe petroli iliyomo, na usubiri harufu iishe. Mvuke ule unalipuka kweli. Kisha rudisha plagi kwenye koili yake, nyuzi za plagi, pale inapofungiwa, ziguse chuma cha injini mbali na matundu ya plagi, na usiishike kwa mkono wakati mwenzako anapiga selfu.

Koili moja ikikosa cheche, huenda imekufa hiyo. Koili nne hazifi siku moja: zote zikikosa, na mshale wa RPM hautikisiki selfu inapozunguka, shuku sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta kuwa injini inazunguka.

Plagi zikiwa kavu, hapo ndipo pampu inahusika. Mtu wa kuisikiliza akae kiti cha nyuma, karibu na tanki ilimo pampu, wakati selfu inapigwa, kwa sababu Toyota nyingi haziwashi pampu kwa kufungua swichi tu, na wengi huihukumu kwa ukimya huo. Ikiwa kimya hata selfu ikizunguka, anza na fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli) na relei yake, yaani swichi yake ya umeme. Ikivuma na plagi bado kavu, ipimwe presha ya petroli: 1NZ-FE inataka bar 3.0 hadi 3.4.