Ndama anaharisha na sindano hazisaidii

Pole sana, ndugu. Umesema ndama wako wa siku 4 anaharisha maji ya njano na sindano 3 za antibiotiki ya oksitetrasaiklini hazijasaidia. Tafadhali usiongeze ya nne. Katika umri huo mhusika mara nyingi ni E. coli, bakteria wa utumbo, na wengi wa bakteria hao wameshakuwa sugu kwa dawa hiyo, maana tumeidunga kwa kila ugonjwa. Tena hupeana jeni za usugu, hata na bakteria wanaowaletea watu magonjwa. Na kama ni virusi vya rota, antibiotiki haivigusi kabisa.

Kinachomuua ndama hasa ni kuishiwa maji. Anza leo hii: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mpe mara kadhaa kwa siku, na maziwa usimkatize. Akishindwa kusimama au kunyonya, anahitaji dripu; mwite daktari wa mifugo mara moja. Mwombe pia achukue kinyesi kwa ajili ya maabara, waoteshe bakteria na kuona dawa ipi bado inawaua.

Ndama ajaye apate dang'a (maziwa ya kwanza ya mama yake) ya kutosha ndani ya saa 6 za mwanzo.