Warsha za Nadharia ya Udhibiti: Nenda na Tatizo la Mtambo Wako

Wahandisi wenzangu wa viwandani huniuliza mara kwa mara kama kuna faida ya kweli katika kuhudhuria warsha za nadharia ya juu ya udhibiti wa mifumo, yaani hisabati ya kuifanya mitambo ijirekebishe yenyewe, hasa pale ada, nauli na malazi vinapotoka mfukoni mwao wenyewe. Faida ipo, na ni kubwa, kwa yule anayekwenda akiwa na tatizo mahususi la mtambo anaoufahamu. Anayekwenda kukusanya majina ya mbinu mpya hurudi na cheti pamoja na slaidi ambazo hatazifungua tena.

Mimi hushughulika na vipimo na udhibiti katika kiwanda cha sukari, na tatizo nililolibeba lilikuwa la boila. Boila inayochoma makapi ya miwa ina dramu ambamo mvuke hutengana na maji, na kina cha maji humo hakipaswi kushuka hadi mirija ikaungua, wala kupanda hadi maji yakaingia kwenye turbini. Turbini inapodai mvuke zaidi kwa ghafla, shinikizo ndani ya dramu hushuka, viputo vilivyomo majini hutanuka, na kina huonekana kupanda kama maziwa yanayofura sufuriani, ilhali maji yenyewe yanapungua. Kidhibiti cha PID, yaani kile kinachoamua kwa kutazama kosa (tofauti kati ya kipimo kinachotakiwa na kilichopo), jumla ya kosa hilo na kasi ya kubadilika kwake, hudanganyika kikitazama kina peke yake: hufunga vali ya maji wakati ambapo kingepaswa kuifungua, na viputo vinapotulia kina huporomoka hadi boila ikajizima. Viwanda vingi hukabiliana na hali hiyo kwa kuunganisha vipimo vitatu, yaani kina, mtiririko wa mvuke na mtiririko wa maji yanayolisha boila, na sisi tulikuwa tumekwisha kufanya hivyo. Swali langu lilikuwa kwa nini kila tulipokiongezea kidhibiti cha kina ukali ili kifanye kazi haraka zaidi, mfumo mzima ulianza kuyumba.

Jibu la nadharia halibembelezi mtu. Maji ya kulisha huwa na joto dogo kuliko yaliyomo kwenye dramu, kwa hiyo yakiongezwa ghafla huvifanya viputo visinyae, na kina hushuka kwanza kabla ya kupanda. Mfumo wa namna hiyo, unaoanza kwa kwenda kinyume, una kile ambacho wanahisabati hukiita sifuri upande wa kulia wa uwanda changamano, na sifuri hiyo huweka kikomo cha kasi ambacho hakuna kidhibiti, hata kiwe cha bei gani, kinachoweza kukivuka. Kwa makadirio ya kawaida, sifuri ikiwa kwenye 0.1 radiani kwa sekunde, kasi ya kitanzi cha udhibiti, yaani mzunguko wa kupima na kurekebisha, haitazidi sana nusu ya hapo, yaani 0.05. Ndiyo maana kipimo cha mvuke kina thamani kubwa kiasi hicho: hutoa habari za mabadiliko mapema, bila kusubiri kina kianze kusema uongo wake.

Kwa sababu hiyo, ninapoisoma ratiba ya warsha huanza kutafuta kipindi kinachohusu mipaka, kabla sijatazama vinavyohusu mbinu. Mwaka 1978 mtaalamu wa nadharia ya udhibiti John Doyle alionyesha kwamba vidhibiti vinavyochanganya mrejesho bora wa hali ya mfumo na kichujio cha Kalman (hesabu inayokadiria hali hiyo kutokana na vipimo vyenye kelele), vilivyokuwa fahari ya nadharia ya wakati huo, havina uhakika wowote wa kustahimili kasoro za modeli, yaani maelezo ya kihisabati ya mtambo. Mkufunzi anayefundisha kichujio hicho bila kuligusa jambo hili anakuuzia nusu ya somo. Wala usione haya kuuliza maswali ya kiwandani mbele ya maprofesa, kwani udhibiti tabiri unaotumia modeli, yaani ule unaotabiri mwenendo wa mtambo kabla ya kuchagua amri, ambao leo haukosekani karibu katika kila warsha ya aina hii, ulikuzwa na wahandisi wa viwanda vya mafuta na kemikali katika miaka ya 1970, na uthibitisho wa uthabiti wake ulifuata baadaye.

Takwimu ndizo mzigo wa kufungasha mapema. Kumbukumbu za kompyuta ya kiwanda mara nyingi huwa ni wastani wa dakika nzima, na wastani huo hufuta kabisa mfuro niliouelezea. Omba ruhusa ya msimamizi wa zamu, sogeza vali kwa hatua ndogo wakati mtambo umetulia, na urekodi kila sekunde nafasi ya vali pamoja na kina. Pata pia idhini ya mwajiri ya kuzitoa takwimu hizo nje ya kiwanda. Kuhusu hisabati, rudia aljebra ya matriki na mageuzo ya Laplace, na ufanyie mazoezi kwenye Octave, Scilab au Python, ambazo hazidai leseni ya kulipia.

Asiyemudu safari asikate tamaa. Shirikisho la kimataifa la udhibiti wa kiotomatiki, IFAC, lililoanzishwa mwaka 1957, lilileta kongamano lake kuu Cape Town mwaka 2014, lakini fursa kama hiyo ni adimu barani kwetu. Hata hivyo, makala za mikutano yake huchapishwa mtandaoni na kusomwa bila malipo.

Jihadhari na maonyesho ya pendula iliyosimamishwa wima, yaani fimbo ambayo kidhibiti huizuia isianguke. Yanapendeza, nami huyafurahia, lakini pendula ya maabara haina vali iliyokwama kwa kutu. Muulize mkufunzi kidhibiti chake kinafanya nini vali inapofika mwisho wa mwendo wake huku kosa likiendelea kujumlishwa ndani ya kidhibiti. Jibu lake litakuonyesha kama amewahi kusimama karibu na mtambo.

Ukisharudi kazini, kagua vali kabla ya kubadili hesabu yoyote, kwa maana vali inayonata huleta mawimbi ambayo mpangilio mpya wa kidhibiti pekee hauyaponyi. Kisha endesha kidhibiti kipya sambamba na cha zamani bila kukiunganisha na vali, ukilinganisha amri zake na maamuzi ya waendesha boila katika zamu zote, ya usiku ikiwemo, na usiombe kukiunganisha mpaka waendeshaji hao waweze kukueleza wenyewe ni lini watakizima na kurudi kwenye uendeshaji wa mkono.