Tupunguze mpira, tujifunze kijiti

Swali la wiki lilikuwa: je, mifano ya michezo inafaa mimbarini? Mimi nasema inafaa, ila mchezo wenyewe tumeukosea.

Usharikani kwetu mahubiri ya uongozi ni mpira tu. Mchungaji kocha, wazee wa kanisa mabeki, kwaya washambuliaji. Wiki ya Simba na Yanga ndiyo usiseme. Watu wanacheka, hata waliosinzia wanaamka, sikatai. Lakini mpira una jukwaa, na mtu ukishamwambia yuko jukwaani, anakaa. Una mpinzani pia, na ukisikiliza vizuri utagundua mpinzani wetu ni kanisa la jirani lenye spika kubwa kuliko zetu. Halafu kocha akifungwa mechi tatu mfululizo hufungashiwa virago. Hapo mfano huwa haufikishwi.

Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za mbio na ngumi kwa sababu Michezo ya Isthmia ilifanyika jirani na mji wao, kila baada ya miaka 2, na mshindi alivikwa taji la majani. Aliposema "taji iharibikayo" hawakuhitaji kufafanuliwa.

Mimi ningehubiri mbio za kupokezana vijiti. Nilikimbia mita 100 mara nne shuleni, nikiwa mkimbiaji wa tatu, na mwalimu wetu alitusumbua zaidi na kupokezana kuliko na kukimbia. Anayepokea huanza kutimka kabla kijiti hakijamfikia, macho mbele, kiganja nyuma. Anayetoa haachii mpaka mwenzake ameshika, na akishashika hang'ang'anii. Kwa muda mfupi wanakimbia wote wawili, kijiti ni kimoja. Eneo la kupokezana sasa ni mita 30. Likiwapita mnaondolewa hata kama hakuna kilichoanguka. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 Marekani iliangusha kijiti kwenye mchujo, wanaume na wanawake, siku moja. Wanawake wa Jamaika, waliokuwa wamezoa medali zote za mita 100, nao wakakosana mikono kwenye fainali. Si kwamba walikosa mbio.

Kwaya yetu ilikuwa na mhazini mmoja kwa miaka 16. Mwaminifu, hata shilingi haikupotea. Kila tulipotaja msaidizi alisema, "Bado nina nguvu, wanangu," nasi tukapiga makofi. Mwaka juzi akapata kiharusi, mkono wa kulia na ulimi vikagoma. Tukafungua kaunta buku lake, la michango ya kinanda. Mstari wa kwanza: "M.K. 20 nusu." Wa pili: "Mama J. kama kawaida." Wanakwaya wenye M.K. walikuwa watatu, na kila mmoja aliapa kwamba amemaliza.

Siwezi kumlaumu peke yake. Sisi tuliotakiwa kuanza kukimbia tulikuwa tumesimama tunamshangilia.

Sasa mhazini mpya, binti wa miaka 24, huenda kwake kila Jumapili alasiri na lile daftari. Anasoma mstari, anataja jina, na mzee akikubali humbana kidole kwa mkono wa kushoto. Akikosea, mzee hufumba macho mpaka jina sahihi litajwe. Juzi wamefika ukurasa wa 11.