Harufu ya Kiyoyozi Haiondolewi kwa Gesi

SWALI: Kiyoyozi cha chumbani kwetu hapa Tanga hutoa harufu ya matambara yaliyovunda kila kinapowashwa, na mabawa yake ya kutolea hewa yana madoadoa meusi. Fundi wa kwanza aliongeza gesi, wa pili akapuliza dawa ya klorini na manukato. Baada ya wiki harufu ilirudi, na mtoto wetu mwenye pumu anakohoa usiku. Je, tuongeze gesi tena?

JIBU: Hapana, msiongeze. Gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haikutani na hewa mnayoivuta, wala haitumiki ikaisha kama petroli ya gari. Ikipungua, ipo sehemu inayovuja, na kazi ya kwanza ya fundi ni kuitafuta na kuiziba. Gesi ikizidishwa, presha hupanda na kompresa, yaani pampu inayoisukuma gesi, huumia, huku kuvu inayotoa harufu hiyo ikibaki pale pale. Inaniuma kwamba karibu kila anayeniletea swali hili amekwisha kulipia gesi, wengine mara mbili au tatu.

Chanzo ni maji. Hewa ya pwani yenye unyevu ikigusa koili ya baridi, yaani mabomba yaliyokunjwakunjwa yanayopoza hewa, huacha maji, na mashine ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) yaweza kukamua lita moja au zaidi kwa saa. Bomba la kuyatoa likiziba, au likiwa limefungwa bila mwinamo, maji hutuama kwenye trei, vumbi likawa tope, na kuvu ikaota. Zimeni umeme kwenye swichi kuu, inueni mabawa kwa kidole, kisha mmulike ndani kwa tochi: mtaiona feni ndefu ya mviringo, na mapanga yake yamevaa utando mweusi unaoteleza. Hewa yote mnayopata hupita hapo, na hakuna manukato yanayoung'oa utando huo. Klorini ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hula mapezi ya alumini ya koili, na mvuke wake huwachokoza mapafu wenye pumu kama mtoto wenu.

Fundi atoe feni na trei, afunike bodi ya umeme, aoshe koili kwa sabuni yake maalumu na maji yasiyo na presha kali, kisha amimine kikombe cha maji kwenye trei na kuyaona yakitoka nje. Siku hiyo mtoto alale chumba kingine, na kikohozi chake akione daktari. Baadaye osheni chujio kila wiki mbili, na kabla ya kuzima acheni feni peke yake izunguke nusu saa ili koili ikauke.

Nawasihi wasomaji wote: fundi anayefika na mtungi wa gesi bila pampu ya kuoshea, msimlipe mpaka awaonyeshe geji ya kupimia presha ya gesi inasoma nini na gesi inavuja wapi. Yupo pia atakayewashauri mnunue mashine kubwa zaidi. Mashine iliyozidi ukubwa wa chumba hupoza upesi na kujizima kabla haijakausha hewa, chumba kikabaki na baridi ya chepechepe, na kuvu ikaanza upya ndani ya mashine mpya.