Haya ya mapenzi na mkono unaoficha sarafu

Ninawaandikia wale ambao moyo umeshapenda lakini ulimi umekataa kutamka, kwa sababu mimi mwenyewe nilikaa katika hali hiyo kwa miaka miwili, nikiwa kijana wa Wete, kisiwani Pemba, niliyehamia Unguja kwa ajili ya kazi, na ninajua namna inavyomla mtu kimyakimya. Haya si ugonjwa. Tumelelewa kwa kufundishwa kwamba haya ni sehemu ya imani, nami ninaliamini hilo kwa dhati. Kilichonisumbua kilikuwa kitu kingine kilichovaa kanzu ya haya, nacho ni woga wa kukataliwa; na ilinichukua muda mrefu kuvitenganisha, kwa kuwa vyote viwili humfanya mtu ainamishe macho.

Aliyenizindua ni mtu wa mazingaombwe niliyemtazama siku moja ya Idi, katika viwanja vya sikukuu. Alishika sarafu kwa mkono wa kulia, akajifanya anaitia katika mkono wa kushoto, akaufumba huo wa kushoto na kuutazama kwa makini. Nasi sote tukautazama, ilhali sarafu ilikuwa imebaki kulekule kulia. Nilimpenda kwa sababu hakudai kuwa na majini wala uganga, na nilipomfuata baadaye kumuuliza alinieleza bila choyo kwamba kiinimacho humharibikia mwanafunzi pale anapoutupia jicho mkono unaoficha, kwa kuwa macho ya watu hufuata macho ya mchezaji.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejiona. Kazini nilizungumza vizuri na kila mtu, isipokuwa yule niliyempenda. Akiingia, nilishika faili, akinisalimu, nilimjibu kwa neno moja, akitajwa, nilinyamaza. Nilidhani ninaficha, kumbe nilikuwa ninautazama mkono wenye sarafu mbele ya ofisi nzima. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usijisumbue kutafuta njia bora ya kuficha, kwani aghalabu mwenyewe ameshajua, na anachosubiri ni kuona kama utamheshimu kiasi cha kumwambia.

Kabla ya kufika hapo nilijaribu njia ambayo vijana wengi wa kwetu huijaribu, yaani kumwachia mwimbaji aseme kwa niaba yangu. Kila aliyehudhuria taarabu anajua kwamba msikilizaji aliyeguswa na maneno huinuka, akaenda mbele kumtunza mwimbaji, na ukumbi ukaelewa kuwa ana lake jambo. Nami katika harusi moja niliinuka na noti mkononi, nikageuza uso kuelekea alipoketi. Shoga yake aliyekuwa ubavuni mwake akaamini kwamba ninamkusudia yeye, na ilinigharimu wiki nzima ya maelezo ya kuumiza. Fumbo ni zuri, lakini halina anwani.

Sisemi kwamba maneno ya kuazima hayafai. Nyimbo zilizorudiwa ninazipenda sana, na zinanihuzunisha tu pale mrudiaji anapoiga hata pumzi za mwimbaji wa kwanza. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwenye sahani za santuri, na miongo mingi baadaye Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa bado akiziimba nyimbo zilezile, ukiwemo Muhogo wa Jang'ombe, kwa sauti yake nzito yenye mikwaruzo ambayo hakuna aliyeweza kuidhania kuwa ni ya mwingine. Maneno aliyarithi, sauti ilikuwa yake. Hivyo ndivyo ninavyoshauri: kama shairi au wimbo umekusaidia kujua unachokihisi, ushukuru, kisha useme mwenyewe kwa lugha unayoitumia kila siku.

Mimi nilisema mchana, barazani, mahali ambapo watu walituona lakini hawakutusikia, ili asijione amebanwa wala asivunjiwe heshima. Sentensi ilikuwa fupi: "Naomba ruhusa yako niwatume wazee wangu kwenu." Sikumpa hotuba wala zawadi, maana zawadi humtia mtu deni kabla hajajibu. Nilimtazama yeye badala ya kujitazama mimi, nikaona kwamba naye mikono yake ilikuwa ikitetemeka, jambo ambalo katika miaka yote miwili halikuwahi kunipitia akilini.

Aliomba wiki moja azungumze na mama yake. Hapo ndipo penye mtihani, kwa kuwa mwenye woga hutamani kurudi kesho yake kuomba radhi kwa kusema. Usirudi. Msalimu kama kawaida, fanya kazi yako, na kama jibu litakuwa hapana, lipokee kwa upole uleule ulioombea, wala usimtafutie mtu wa kati wa kumshawishi. Nami nilisubiri, nikilala kidogo. Siku ya saba alipita mezani kwangu, akasimama, akasema kwamba mama yake anauliza kama wazee wangu watakuja kwa boti ya asubuhi au ya mchana.